Mwezi Wangu wa Notisi Makambako

Nilipomwambia mama mwenye kituo kwamba nitaacha kazi mwezi ujao ukiisha, aliendelea kupanga mayai kwenye trei. Tulikuwa tunatotolesha vifaranga pale Makambako, na miaka yote niliyokuwa naye aliniita mwanangu. Nilimweleza kwamba baba amepooza upande mmoja, na yuko peke yake Njombe tangu mama yetu afariki. Hakuniamini. Alidhani nakwenda kufungua kituo changu.

Kesho yake nilimsalimu "kamwene" kama kawaida, hakuitikia. Funguo za chumba cha mashine za kutotolea mayai alishampa msichana mgeni, nami nikapelekwa stoo kupanga magunia ya maranda. Aliwakataza wenzangu kuzungumza nami habari za kazi. Wao, kwa woga, wakaacha kuzungumza nami kabisa. Mchana walikula ugali pamoja uani. Mimi nilikula stoo, nawasikia wakicheka nyuma ya bati, na upepo wa Makambako ukipiga paa.

Nilimwomba aniruhusu nimfundishe yule msichana.

"Atajifunza kwangu," akasema. "Wewe umeshaondoka."

Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Siku yangu ya mwisho mama hakuja kazini. Nilimwachia mlinzi ovaroli langu, nikapanda basi la Njombe. Njiani niliwaza kwamba mwezi ule ungeweza kuwa wa kuagana.

Baada ya siku chache, nikiwa namwogesha baba, simu iliita. Alikuwa yule msichana, ananong'ona. Umeme umekatika, jenereta imegoma, na mayai yamekaribia kuanguliwa. Nikamwambia asifungue mlango wa mashine, aifunike kwa mablanketi, aweke chumbani madumu ya maji ya moto. Nikasikia simu ikichukuliwa.

"Mablanketi mangapi?" Ilikuwa sauti ya mama mwenye kituo.

"Yote mliyonayo, mama."

Nikamsikia akimwagiza msichana ayalete, kisha akarudi kwenye simu.

"Baba yako anaendeleaje?"

"Anakula kidogo kidogo."

"Haya," akasema, akakata.

Hakupiga tena. Msichana ndiye aliyeniandikia kwamba vifaranga wengi wametoka salama. Nilimsomea baba ujumbe ule kwa sauti, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akaniuliza ni vifaranga gani hao.