Mgongo wa Mama Mkwe kwenye Kioo cha Gari

Watu wa siku hizi wakiona gari huuliza linakwenda kasi gani. Sisi wakati wa Mbelgiji tuliuliza kama linakwenda. Langu lilikuwa haliendi, na ndiyo sababu nililipata.

Lilikuwa gari la Kimarekani la kabla ya vita, jeusi, lenye pua ndefu na taa zilizotokeza kama macho ya chura. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Obokote aliliacha chini ya banda alipokwenda zake Ulaya, na kuku wakalirithi. Nilipofungua mlango nilikuta wawili wanaatamia kwenye kiti cha nyuma. Wakanitazama kama mimi ndiye mwizi. Msimamizi wa shamba akasema nikiweza kuliondoa ni langu, kwa maana linamzibia nafasi ya kuanikia mpunga. Basi nikalifunga mnyororo nyuma ya lori lililokuwa likishuka kutoka Lubutu, nikashika usukani, na nikaingia kwetu Alunguli kama mkubwa fulani, nimepakaa mavi ya kuku hadi viwikoni.

Shule sikusoma sana. Niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini wakati ule nilikuwa fundi katika gereji ya mzungu ng'ambo ya mto, upande wa stesheni, na hakuna bolti iliyonishinda. Sijisifu. Anayebisha alete bolti.

Kila jioni nilivuka kwa mtumbwi nikarudi kwa gari langu. Nilikwangua kutu, nikafungua injini yote na kuifunga tena, nikashona viti kwa ngozi ya mbuzi ambayo siku za mvua ilinuka kana kwamba mbuzi mwenyewe amerudi kuidai. Injini ilipokohoa mara ya kwanza, jirani wote walitoka nje kutazama. Mke wangu hakutoka.

"Uko na wake wawili," aliniambia, "na yule wa chuma njo unamupakaa mafuta."

Nikamwambia avumilie. Akavumilia mpaka siku nilipochukua kikwembe chake kipya cha kujifunga kufutia kabureta. Hapo akajitwika nguo zake akaenda kwa baba yake.

Baba mkwe alikuwa muungwana, mtu wa msikiti, mwenye kanzu nyeupe kuliko roho yake. Aliniita, akaniacha nimesimama juani, akasema: "Nilikupa binti, sikumpa kazi ya kulinda takataka. Ijumaa baada ya swala wazee watakaa hapa kwangu. Likija hilo gari kwa nguvu zake lenyewe, utachukua mke wako. Ukija kwa miguu, utatoa talaka."

Gari lilikuwa tayari, isipokuwa kioo cha mbele. Na kutoka kwangu kwenda kwake ilikuwa lazima nipite kibanda cha askari wa barabara, ambaye alikuwa na amri moja tu kichwani, na kwa kuwa ilikuwa moja aliitunza vizuri: gari lisilo na kioo cha mbele halipiti, na dereva wake analala ndani. Kioo nilikuwa nimekiagiza Albertville, mbali kule ziwani. Kilifika Alhamisi kwa gari la moshi, kimelazwa ndani ya majani makavu kama yai la bwana mkubwa, pamoja na mpira wake na ukanda wa nikeli wa kupambia. Nikakivusha mto nimekipakata magotini. Mpiga kasia akaniuliza kama ni mtoto. Nikamwambia apige kasia.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani kioo kinagundishwa tu. Kwanza unakivisha mpira ukingoni pande zote. Mpira huo una mfereji, na ndani ya mfereji unalaza kamba, ncha zake mbili zikutane. Unapakaa sabuni. Halafu kioo kinapachikwa kutoka nje, na muntu aliye ndani ya gari anavuta ile kamba polepole. Kadiri kamba inavyotoka, mdomo wa mpira unageuka na kung'ata chuma. Lakini yule wa nje lazima asukume kioo muda wote, kwa nguvu iliyo sawasawa. Akisukuma upande mmoja kuliko mwingine, kinapasuka. Asiposukuma, kinateleza. Kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa na rafiki mmoja tu aliyekuwa bado hajachoka kunicheka, mpagazi wa bandarini.

Tulianza vizuri. Upande wa chini ukaingia wote. Nikaanza kupanda na kamba upande wa kulia, na hapo bato, ile meli ya mizigo, ikapiga honi mtoni. Bato ikifika, mpagazi wa kwanza njo anayepata mizigo myepesi.

"Nakuja," akasema rafiki yangu, na mikono yake ikatoka kwenye kioo.

Nilirusha mkono wa kushoto nje ya dirisha la mlango, vidole vikadaka ukingo wa kioo kilipokuwa kinaanza kutambaa kuelekea boneti. Mkono wa kulia bado ulishika kamba. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye usukani. Nikiachia kamba, mpira unafumuka. Nikiachia kioo, kinaanguka, na kingine kiko Albertville. Jirani wanaume walikuwa wamekimbilia bandarini, wanawake walikuwa mashambani. Nilikaa hivyo, nikimtukana rafiki yangu, mama wa bato na baba wa honi, mpaka nikasikia hatua uani.

Alikuwa mama mkwe.

Hapa lazima msomaji aelewe jambo. Kwetu, muntu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemezani uso kwa uso, hawapishani njiani. Mmoja huingia majanini mwingine apite. Dini ilipokuja Maniema iliikuta desturi hii, ikapiga hodi, ikaambiwa ikae barazani. Kukiwa na jambo la lazima la kusemwa, mnamtumia mtu wa katikati. Asipokuwapo mtu, mnatumia chochote. Yeye alikuwa ametumwa kuchukua kinu na masufuria ya binti yake, na kinu kilikuwa pale chini ya upenu wa jiko.

"Kinu," akasema, amenipa kisogo, "jambo. Nimekuja kukubeba. Muambie mwenye nyumba asishituke."

"Kinu," nikajibu kutoka kwenye usukani, "muambie mama jambo. Muambie pia mimi nimenaswa."

"Kinu, muulize nani amemunasa."

"Kioo."

"Kinu, tangu lini kioo iko na mikono?"

"Kinu, muambie mama nikiachilia hiki kioo, kesho binti yake iko mwanamke wa talaka."

Nilisikia masufuria yakiwekwa chini, moja juu ya lingine.

"Kinu," akasema tena, "muambie kuna karani wa posta anapita kwetu kila jioni na baiskeli. Mzee anamupenda, kwa sababu anajua kuandika barua. Mimi nimeangalia miguu yake. Iko kama ya kunguru. Siwezi kulea wajukuu wenye miguu ile. Basi mwenye nyumba aseme anataka nini."

Nikamweleza kinu kazi yote, na nadhani hakuna kinu hapa Maniema kilichowahi kufundishwa mambo mengi hivyo: aje mtu mbele ya gari, asukume kioo, asisukume kwa vidole, asukume sawasawa. Mama mkwe akasikiliza. Akakataa katakata kusukuma kwa mikono, maana mwenye kusukuma kwa mikono anatazama anachosukuma, na nyuma ya kioo nilikuwapo mimi. Kioo ni kitu cha aibu. Wazungu wametengeneza ukuta usioficha kitu.

Akafikiri kidogo. Halafu akaja kinyumenyume kutoka jikoni, hatua kwa hatua, akipapasa kwa mkono mpaka akaigusa taa. Akapanda juu ya boneti, akajisogeza nyuma, akaweka mgongo wake wote kwenye kioo, na vilivyo chini ya mgongo pia. Nikafumba macho. Kumtazama mama mkwe usoni ni kosa. Kumtazama kwa upande ule, sijui hata wazee wangeanzia wapi.

"Kinu, muambie avute."

Nikavuta. Nawaambieni mafundi wote wenye vyeti ukutani: hakuna kifaa kinachokandamiza kioo kama mama mzima aliyezaa, aliyelima, aliyebeba. Uzito ulitulia juu ya kioo chote kama mkate unavyotulia katika chombo chake. Mpira ukawa unageuka mdomo, pwa, pwa, pwa, na mimi gizani nikifuata kamba kwa vidole.

"Kinu, asivute kama anavuta mbuzi."

"Kinu, mama asogee kushoto kidogo."

"Kinu, kushoto ya nani?"

"Ya sote, kinu. Tunatazama upande mmoja."

Alicheka. Kioo chote kikatetemeka na mimi nikamwomba Mungu, lakini hakikupasuka. Kamba ikatoka yote, ncha ikanipiga puani. Nilipofumbua macho alikuwa ameshashuka, anatwika masufuria. Akakumbatia na kinu pia, kwa maana akirudi mikono mitupu mzee angeuliza. Ule ukanda wa nikeli niliupachika mwenyewe, kwa mpini wa mwiko, hadi jua likazama.

Ijumaa nilipita kibanda cha askari polepole kabisa, ili apate muda wa kuona kioo. Aliona. Nilifika kwa baba mkwe nikakuta wazee wamekaa kwenye mikeka na karani wa posta amesimama kando ya baiskeli yake, bila sababu ya kuwapo. Niliizima injini mbele yake.

Baba mkwe alizunguka gari. Alipokosa la kusema akasema, "Gari si kutembea tu. Mvua ikinyesha, binti yangu ataogelea humu?" Akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele na kanzu yake ya swala, akatoa kiwiko dirishani kama gavana. "Mwageni maji kwenye kioo. Tone moja likinigusa, binti anabaki."

Vijana wakaleta ndoo. Nikamwambia, "Baba, tufunge kwanza dirisha la pembeni." Akasema kuna joto, na mimi ndiye ninayepimwa, si yeye. Wakamwaga kwa moyo wote, jinsi vijana wanavyofanya kazi wakipewa ruhusa ya kumlowesha mkubwa. Maji yalipiga kioo, yakatawanyika, na nusu yake yakaingia kwa dirisha lililo wazi yakamjaa mapajani.

"Kimevuja," akasema.

Mzee mmoja akaingiza mkono, akapitisha kidole kwenye mpira ndani pande zote, akakionyesha. Kikavu. Baba mkwe akasema maji yaliyomlowesha hayana jina la mlango yalioingilia. Sharti lilikuwa tone, na yeye ana ndoo. Wazee wakaanza kuvutana. Karani akashika usukani wa baiskeli yake vizuri zaidi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua, taratibu, ikisema na kuku.

"Kuku, muambie mzee: muntu akikaa ndani ya mtumbwi akajimwagia maji kwa kata, asimulaumu aliyechonga mtumbwi."

Mzee wa kidole alianza kucheka, wengine wakamfuata, na kesi ikaisha hapo. Baba mkwe alishuka, kanzu imemgandama miguuni. "Chukua mke wako," akaniambia. "Na uondoke kabla sijakauka."

Mke wangu alitoka na fungu lake la nguo, akakaa pale palipolowa, bila kulalamika. Alipitisha macho kwenye kioo, kwenye nikeli, kwenye mpira.

"Mama anasema ulifumba macho."

"Nilifumba."

"Wakati wote?"

Nilimwonyesha kona ya juu, pale mpira ulipojikunja kama sikio la mbwa, kazi ambayo fundi mwenye macho wazi angeona haya kuiacha. Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaegemea kiti, akaniambia niwashe gari.