Chatu wa Ahouefa Agoma Kula

Ahouefa wa mjini Ouidah, muuza ugali wa mahindi yaliyochachushwa uitwao akasa, hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Lakini mwezi wa nne ulipoingia chatu wake hajagusa hata ukucha wa panya, mama wa watu alinywea mpaka wateja wakadhani anaumwa jino.

Chatu huyo alijileta mwenyewe, juma la pili baada ya mazishi ya mumewe. Ahouefa alimkuta kwenye kiti cha marehemu, mfupi, mnene, amejiviringisha zake. Majirani wakaja kumpigia magoti, maana Ouidah chatu akiingia nyumbani hafukuzwi. Ni mkubwa aliyekuja kutembea. Huyu akanogewa, hakuondoka. Mwaka wa pili sasa Ahouefa alikuwa akimwita Baba, akimwamkia kabla ya kuwasha moto na kumweleza nani kanuna na nani kaoa. Nyumba ingemshinda bila yeye, na hakuona haya kulisema.

Sifa zikaenea. Kila aliyekuja kununua akasa alitaka kumsalimu Baba, na kumsalimu ni kumbeba. Shingo hii, shingo ile, kutwa nzima, wengine na manukato yao. Jioni Ahouefa alimwekea panya wa mtego kwenye sinia jeupe, katikati ya sebule, apate kula kwa heshima watu wakimwona. Baba hakula. Akalala na njaa yake, na mwenye nyumba akalala na yake.

Daa Kponou, mtunza chatu wa mtaa, akaja kumpapasa mgongo.

"Ahouefa, mifupa hii naihesabu. Umemfanya nini?"

"Nimemwomba radhi, Daa. Nimeomba mpaka kwa makosa ya mama mkwe wangu."

"Basi Jumapili narudi. Nikimkuta hivi, namchukua. Hatuwezi kumwacha afe njaa kwenye nyumba ya mtu."

Alipotoka, Ahouefa alilia waziwazi, kamasi na yote.

Jumamosi akaenda sokoni kutafuta panya mnono zaidi, akamwachia nyumba mkamwana wake, Bake. Bake alikuwa ametoka Parakou, kaskazini, miezi mitatu tu ndani ya ndoa, na kwake nyoka ni nyoka hata ukimwita Baba. Ahouefa aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

"Bake, Baba yuko wapi?"

"Yupo, mama."

"Yupo wapi?"

Bake, amesimama mlangoni, akanyoosha mchi kuelekea pembeni, kwenye chungu cheusi kilichomeguka mdomo, kimepinduliwa.

"Umemfunika?"

"Alishuka kitini akajikunja pale, ananitazama, mama. Natwanga pilipili, ananitazama. Nikashindwa."

"Umemfunika mkubwa wa nyumba kama samaki wa jana?"

"Na panya wake nimemsukumia humohumo kwa kijiti. Asije kusema nimemnyima."

Ahouefa alitupa kapu chini. Tangu azaliwe hajasikia mtu wa Ouidah kumfunika chatu; afadhali ungemvika mkweo gunia kichwani. Akapiga magoti, maneno ya kuomba radhi yako mdomoni, akainua chungu taratibu.

Baba alikuwa amejikunja gizani, na nje ya mdomo wake ulibaki mkia tu wa panya.

Akakirudisha chungu, akakaa sakafuni.

"Anakula," akanong'ona.

"Nilijua tu," akasema Bake, ambaye hakujua lolote. "Kwetu hata kuku akiatamia, hatumkodolei macho."

Miezi minne. Zile shingo zote, lile sinia jeupe, zile heshima. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimtesa, tena kwa mapenzi. Aibu ilimshika Ahouefa, halafu kicheko, akacheka hadi Bake naye akacheka, ingawa alibaki palepale mlangoni.

Jumapili Daa Kponou akafunua chungu, akaona tumbo limetuna, akaridhika.

"Nani kamlisha?"

Ouidah, aliyemlisha chatu ndiye mama yake, na anayetaka kumshika humwomba yeye kwanza. Neno lile lilimwuma Ahouefa kulitoa.

"Bake."

"Mimi?" akasema Bake.

"Wewe," akasema Daa. "Basi chatu anabaki hapa, na mama yake ni huyu."

Mzee hajafika hata kizingitini, Ahouefa tayari amenyoosha mikono. "Mwanangu, nimpakate kidogo tu."

Bake, ambaye hangemgusa nyoka yule hata kwa fimbo ndefu, akatikisa kichwa. "Siku saba, mama. Ana chakula tumboni."

Daa akageuza uso upande wa pili asionekane anacheka. Ahouefa, ambaye hakuna aliyemkatalia jambo mle ndani tangu amzike mumewe, akarudisha mikono mapajani.

"Haya, mwanangu," akasema, na akamsogezea Bake kiti.