Gitaa la Baba, Jina la Mwingine

Nyumba yetu ya Kibomet ilinuka chuma kilichochemshwa. Kila Ijumaa alasiri baba alizifungua nyuzi za gitaa lake la umeme, akazitia kwenye sufuria ya maji na kuzichemsha mpaka uchafu wa vidole utoke, maana nyuzi mpya hazikupatikana ovyo hapa Kitale. Mama alilalamika weee, mwisho akachoka, akamwachia ile sufuria. Wenzetu wakirudi kutoka shule walikuta maharagwe yakitokota; sisi tulikuta nyuzi.

Baba alipiga gitaa katika kanda za mwimbaji mmoja wa roki ambaye jina lake silitaji hapa. Ametajwa vya kutosha. Bwana huyo alikuwa na desturi ya kuwasalimu watu ndani ya wimbo, kama walivyofanya wanamuziki wengi wa kwetu. Alimsalimu chifu, mwenye duka la mbolea, mashemeji zake wa Bokoli, hata dereva wa gari la vyombo vya bendi. Wimbo mpya ulipochezwa redioni, baba aliinua mkono tunyamaze, akasubiri jina lake. Miaka saba! Hakutajwa hata mara moja. Alikuwa akizima redio na kusema labda nafasi haikutosha. Ya dereva ilitosha.

Nilipokuwa darasa la tano aliiacha bendi ya bwana huyo akarekodi kanda yake mwenyewe. Humo aliwasalimu mpiga besi, mpiga ngoma, fundi wa mitambo, na mimi bintiye. Yeye mwenyewe hakujitaja. Aliona haya kujisifu kwa kinywa chake. Jamani, baba! Watu waliosikia lile gitaa redioni wakasema yule mwimbaji wa Kitale ametoa wimbo mpya, ila safari hii sauti imemharibikia.

Likizo ya Agosti alialikwa kwenye harambee ya shule moja huko Kabuchai, upande wa Bungoma, nami akanichukua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele kama mwimbaji, na alitaka jambo moja tu: watu wajue kwamba gitaa lile ni lake. Akaanza na wimbo wake. Watu wakatazamana. Mzee mmoja aliyekaa karibu na jukwaa akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Huyu si anamwiga yule wa Kitale? Hata gitaa ameiba, bana."

Baba alisikia. Nilijua kwa sababu vidole vyake vilikosea, na havikuwa na tabia hiyo. Akaukatiza wimbo wake katikati. Kisha akapiga ule wa yule mwimbaji uliovuma kuliko zote, na uwanja mzima ukainuka. Mimi nami niliinuka, nikacheza mpaka kiatu kikanitoka, nikifurahi kwamba sasa wanampenda. Mwezi uliofuata aliuza gitaa, akarudi kulima mahindi, na hakulizungumzia jambo hilo mpaka tulipomzika.

Siku hizi wanangu wanausikiliza wimbo ule kwenye simu, na jina lililoandikwa pale ni la yule bwana peke yake. Nawaambia anayepiga gitaa ni babu yenu, nao wanaitikia kwa adabu tu. Juzi yule mdogo wao akaniomba nimwimbie basi ule wa babu mwenyewe. Wa yule mwimbaji naujua wote, neno kwa neno. Wa baba sikuweza kuanza hata mstari mmoja; kanda yake ilishapotea, na hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kumwuliza.