Fundi Chausiku na Simu ya Mwalimu Auleria

Chausiku Mwinshehe alikuwa na miaka kumi na mmoja homa ya uti wa mgongo ilipomlaza wodini wiki tatu. Alipona, ila masikio hayakurudi. Shule aliachia darasa la tano, kwa kuwa hakuna aliyejua amfundishe vipi, na mama yake akamkalisha kwenye cherehani. Hapo ndipo mkono wake ulipoonekana. Gauni akilitazama mara moja tu, analikata bila kuchora.

Tabu ilikuwa maneno. Alipokua akafungua kibanda cha kushona Manzese, na mdogo wake Najma ndiye aliyemsikilizia. Mteja anamweleza Najma, naye anamgeuzia dada yake kwa ishara walizojibunia wenyewe utotoni. Najma alipoolewa na kuhamia Mbweni, wateja wakaanza kupungua. Wengine walimpigia kelele mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Wengine waliondoka wakidhani fundi anaringa.

Kisha ikaja ishu ya gauni la Mwalimu Auleria, mama mmoja wa Kimara aliyekuwa anamwoza mwanawe. Alileta kitambaa, akaeleza haraka haraka. Chausiku akafuata midomo yake, akaitikia kwa kichwa. Siku ya kuchukua, Mwalimu alilikunjua gauni akaduwaa. Alitaka mikono mirefu. Ile iliishia juu ya viwiko.

"Nisamehe, Mwalimu," Chausiku alisema kwa sauti yake nzito, isiyojua ipande wapi na ishuke wapi. "Mie sisikii."

Mwalimu akaketi kwenye benchi. Akatoa simu, akaandika, akamwonyesha: "Mbona hukuniambia mapema?"

Chausiku alisoma taratibu, neno kwa neno. "Nikisema, watu wanaondoka."

"Mie siondoki," Mwalimu akaandika. "Kitambaa kimebaki?"

Kilibaki kipande kidogo, kisichotosha mikono. Wakajadiliana, mmoja akiandika na mwenzie akijibu kwa mdomo, wakakubaliana mikono irefushwe kwa lesi. Harusini watu wakawa wanauliza nani kashona.

Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi na simu yake ya zamani. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, lakini ilifanya kazi. Wakaenda pamoja kusajili laini, kisha akakaa naye kutwa nzima akimfundisha kutuma ujumbe na picha. Juu ya ubao wa kibanda akaandika kwa mwandiko wake wa darasani: "Fundi hasikii. Mwandikie." Chini akaweka namba.

Kabla ya kuaga aliandika: "Nani tumpigie kwanza?"

"Kupiga? Nitasikiaje?"

Mwalimu alicheka, akaomba namba ya Najma, ambaye Chausiku alishamsimulia habari zake, akapiga ya video. Uso wa Najma ukatokea, mikono imejaa unga wa maandazi. Alishtuka, alidhani kuna msiba. Chausiku akaiegemeza simu kwenye boksi la nyuzi ili mikono yote iwe huru, akamfanyia ishara: umenenepa! Najma akaruka. Unga ulitapakaa kila mahali akijibu. Miezi saba walikuwa hawajaongea, nao waliongea mpaka bando likakata. Mwalimu hakuelewa hata neno moja. Alikaa tu akijifuta macho kwa kitenge.

Siku hizi wateja wanamtumia Chausiku picha za mishono na vipimo, naye anauliza asichoelewa kabla hajashika mkasi. Mzee Kondo, muuza kahawa asiyejua kusoma, humtumia picha ya kanzu yake ya zamani na kidole kikionyesha palipochanika. Majibu ya Chausiku mwanzoni yalikuwa na makosa mengi. Wapo waliomcheka, lakini hakuacha kuandika. Kazi zinatoka Kimara, zinatoka mpaka Mbweni kwa majirani wa Najma.

Krismasi iliyopita alifunga kibanda mapema akaenda Kimara na gauni alilolishona kwa siri, mikono mirefu, lesi mpaka kwenye pindo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Hii nini tena?" Mwalimu akawa anapapasa simu aandike.

Chausiku akamshika mkono. "Usiandike. Leo nasema mie."

Akasema pale pale mlangoni, kwa sauti kubwa, majirani wakigeuka kutazama. Alimshukuru kwa simu, kwa Najma, kwa ile siku aliyoketi kwenye benchi badala ya kuondoka. Zamani angeona haya kusikika hivyo mbele za watu. Safari hii alisema mpaka akamaliza.

Mwalimu akalivaa gauni hapo hapo juu ya nguo zake, akamvuta ndani wakale pilau.