Kumpelekea Zuhura Kaniki

Nilifunga safari kwa sababu dada yangu Mwanaidi alinipigia simu kutoka Matombo, akasema binti yake Zuhura, aliyewekwa ndani alipovunja ungo, anatolewa uali Jumamosi, na bila mjomba hatoki. Kwa msiotoka kwetu niseme kidogo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa na kuheshimiwa, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Katika nyumba yetu, siku ya kumtoa mwali, mjomba humfunika kaniki, ile nguo nyeusi ya mizimu, kisha huwataja mama zake mmoja mmoja kwenda juu, mpaka afike kwa yule aliyefyeka shamba la ukoo.

Sasa mimi ni fundi wa kushona mabegi, shule niliishia darasa la saba, na sijawahi kumtoa mwali yeyote. Hata Mwanaidi hakutolewa hivyo. Marehemu baba alikuwa mtu wa msikitini. Alisomesha dua, akapika pilau, yakaisha. Safari hii aliyetaka ni mama yetu. Ameugua muda mrefu, na Zuhura ndiye binti pekee wa nyumba hii. "Shamba haliendi kwa mtu asiyejua limetoka kwa nani," alisema mama, na nililetewa maneno hayo kama yalivyo.

Alhamisi, Morogoro mjini. Nilizunguka maduka ya nguo kutafuta kaniki. Vijana wauzaji walinicheka, mmoja akaniuliza kama nimeanza uganga. Niliishia kwa Bwana Kanji, Mhindi mzee ambaye duka lake lilikuwa la baba yake na babu yake. Aliingia stoo, akakaa huko mpaka nikakata tamaa, akatoka na kipande kimejaa vumbi.

"Mizimu yenu ni wateja wetu wa siku nyingi," alisema. "Tusiwaangushe."

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba kaniki ni nguo yetu tangu mwanzo. Hakubishana. Alieleza tu kwamba babu yake alikuja na meli kutoka Bombay, na marobota ya kaniki yalikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Kabla ya hapo, alisema, Waarabu wa pwani waliyapandisha huku vichwani mwa wapagazi, wakawapa wakubwa wa milimani ili misafara ipite salama. Wakubwa wakavaa, na watu wadogo wakataka kufanana na wakubwa. Nikamuuliza kama hii nayo ni ya Bombay. Akasema hapana, siku hizi inatoka China. Hakusema kwa majivuno. Mjukuu wake yuko Kanada, na wakiongea kwenye simu wanatumia Kiingereza, kwa sababu Kigujarati kile hakimpandi tena.

Ijumaa asubuhi, barabara ya Matombo. Nilichukua bodaboda ya kijana anayeitwa Side, aliyevaa jezi ya timu ya Uingereza. Baada ya Kiroka barabara ilitutikisa sana. Tulipumzika Mkuyuni, penye akina mama wanaouza ndizi, na dereva mwenzake mmoja akamwona.

"Jana mlipigwa kama ngoma, mwanangu."

"Sisi refa alituonea," alijibu Side, na kweli uso ulimshuka.

Nikajiuliza hiyo "sisi" inatoka wapi, maana kijana huyu hajafika hata Zanzibar. Halafu nikaona aibu. Mabegi yangu mwenyewe nayabandika picha za mashujaa wa katuni za ng'ambo, kwa sababu yasiyo na picha watoto hawayataki. Sijui kama mtu kama mimi ana haki ya kumshangaa Side.

Mchana, nyumbani kwa Mwanaidi. Uani palinukia karafuu zilizoanikwa. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia akiwa amelala. Zuhura alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu mwali haonekani. Sauti ya runinga ilisikika, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Nilidhani Bi Tatu, kungwi wake, atachukia. Nilipobisha hodi, yeye ndiye aliyeninyamazisha.

"Subiri kidogo, kaka. Huyu bwana anataka kumwacha mkewe."

Tukasubiri. Bwana hakumwacha, ila palikuwa na wasiwasi. Bi Tatu alipotoka kwenda kunywa maji, Zuhura aliniita kutoka nyuma ya pazia, akaomba aishike kaniki. Nikaipitisha chini ya pazia. Nikamsikia akiipapasa.

"Mjomba, hapa pembeni pana kibandiko cha Kichina."

Nikamwambia ni kweli.

"Basi nisaidie. Mimi nimeshonesha gauni, jeupe, la kuburuza kama lile la kwenye tamthilia. Mama anasema gauni ni la wageni, linawatukana mizimu. Na kaniki hii je, si ya wageni? Kosa langu ni kuchelewa tu?"

 Nilimwambia nitamuuliza bibi yake.

Alasiri, chumbani kwa mama. Nilianza na habari za nguo. Nilimuuliza kabla ya kaniki wazee wetu walivaa nini. Alisema alisikia habari za magome ya mti yanayopondwa, lakini mti gani, hajui, na hajali.

"Nguo ni nguo," alisema. "Avae gauni ndani, kaniki juu. Wewe umejiandaa na majina?"

Nikamtajia. Zuhura wa Mwanaidi, Mwanaidi wa Asha, yaani yeye mwenyewe, aliyepewa jina hilo aliposilimu kuolewa na baba, Asha wa Maria. Hapo nikasimama nikisubiri anipe jina la aliyemzaa Maria, ndiye aliyefyeka shamba. Mama alitazama ukuta.

"Na mimi nilidhani unalo wewe," alisema. "Wanaume ndio mnaopokezana."

Wajomba wa kuwauliza wamekwisha kufa, kwa hiyo alinieleza mwenyewe polepole. Alipotolewa yeye, mjomba wake alilitaja lile jina. Lakini yeye alikuwa chini ya kaniki, analia kwa joto na hofu, akisikia ngoma tu. Baadaye alimuuliza mama yake. Maria alikuwa amebatizwa, na katekista wa wakati huo, Mluguru mwenzao wa mlima huu huu, alimfundisha kwamba majina ya mizimu yasitajwe tena. Maria akatii mpaka kufa.

"Hakulazimishwa," mama alisema. "Alipenda dini yake. Na huko ndiko alikojifunza kusoma, akanifundisha na mimi. Usiwasingizie watu."

Sikumsingizia mtu. Ila nilitoka nje nikakaa karibu na zile karafuu. Jina la Asha kutoka Uarabuni tunalo, la Maria kutoka Ulaya tunalo. Lililopotea ni lile moja la Kiluguru.

Jumamosi, uani. Ngoma zilianza mapema na watu wakajaa. Zuhura alitolewa akiwa ameinama, nikamfunika kaniki, na upindo mweupe wa gauni ukaburuza vumbini. Mama, aliyebebwa kwenye kiti, aliutazama.

"Huyu kuku wa kizungu ni wa nani?" aliuliza, na wanawake wakacheka, hata Mwanaidi.

Nikataja. Mwanaidi. Asha. Maria. Nikanyamaza, na ngoma zikanyamaza zikinisubiri. Bi Tatu akaninong'oneza niendelee. Nilisema kwa sauti kwamba hapa ndipo mwisho wa tunachokijua, na mama aliyefyeka shamba atusamehe. Wanawake walitazamana. Niliogopa watamrudisha binti ndani.

Bi Tatu alifikiri, akasema, "Basi mwachie nafasi yake." Tukakaa kimya uwanja mzima, muda wa mtu kuitwa na kuitika. Kisha akaipiga ngoma mwenyewe, Zuhura akainuliwa. Mama alilia. Sikumuuliza ni kwa furaha au kwa lile pengo.

Jumapili, kurudi. Zuhura alinisindikiza hadi njiani, sasa anaruhusiwa kuonekana. Aliniambia kwamba yeye chini ya kaniki hakulia, alisikiliza. Akayarudia majina matatu, akanyamaza kidogo pale palipo na nafasi, bila kuambiwa na mtu.

Jioni, nyumbani kwangu Morogoro. Labda mnatarajia nieleze nilichojifunza, nami naogopa kukosea. Nadhani wenye nguvu hupita wakiwa na vitu vizuri mkononi, na kuvipokea si dhambi. Sisi tulipokea, tukasahau kuuliza tulichokuwa tumeshika kabla.

Binti zangu mimi si wa ukoo wangu, ni wa mama yao. Kwa hiyo nilimwendea mke wangu jikoni, akikaanga mihogo, nikamwomba anitajie mama zake. Alitaja wawili haraka haraka. Akafungua mdomo kwa wa tatu, kijiko kikabaki juu.

"Mama bado yu hai, yupo Kingolwira," alisema, akaipua sufuria na kwenda kutafuta kanga yake ya kutokea.