Hatua Kumi na Moja

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, shamba la chai alikokuwa karani baba yangu lilipata mwenye mali mpya, na watu wakapunguzwa kazi. Siku ya kuagana waliambiwa kila mmoja achukue kitu kimoja kutoka klabu ya mabwana wakubwa, iliyokuwa ikivunjwa. Wengi walibeba viti, na mmoja alibeba mlango. Baba alipanda mlima hadi kwetu Gare na ubao wa kulengea vishale kichwani.

"Wenzio wamebeba vya kukalia," mama alisema. "Wewe umeleta cha kunitobolea ukuta."

Kuutundika kulichukua siku nzima. Kuta zetu zilikuwa za fito na udongo, na kila msumari alioupigilia ulitoka na donge lake. Mwishowe alianza kugongagonga ukuta kwa kidole, sikio kalibandika, mpaka akaipata nguzo iliyojificha ndani ya udongo. Ilikuwa nyuma ya kalenda ya kanisa. Kalenda ikahamia jikoni.

Kisha likaja suala la mstari wa kusimamia. Miaka yote ile baba hakuwahi kuruhusiwa kuingia klabu. Alipeleka barua kwenye kidirisha, na kutokea hapo aliuona ubao tu, na vishale vikija kujichoma kimoja kimoja. Waliovirusha hakuwaona. Basi akajipa jibu mwenyewe: wakubwa wale hawawezi kusimama karibu, maana kitu cha karibu hata mtoto anakipiga. Akahesabu hatua kumi na moja kutoka ukutani. Sebule yetu ilikuwa na hatua nne. Mstari ukachorwa uani, kando ya kabichi, na mlango ukaachwa wazi.

Ndivyo tulivyoishi. Mama akitaka kuvuka sebule alipiga mfuniko wa sufuria, na baba akashusha mkono. Ukungu ukitanda tulirusha kwa imani. Mzee akipita njiani mchezo ulisimama, tukamwamkia shikamoo mmoja mmoja, tukaulizwa habari za shule. Na kwa kuwa njia yetu ndiyo iliyokwenda sokoni, siku za soko hatukurusha hata kimoja. Kila Jumamosi mama alikandika ukuta upya huku akinung'unika kwa Kishambaa. Ubao wenyewe haukupata tundu jipya hata moja.

Mimi nina hasira za karibu. "Ingia ndani, baba," nilimwambia siku moja. "Hapo unalenga Mombo kule bondeni."

"Wao hawakusogea karibu," alijibu, akachukua kishale kingine. Kazi ilikuwa imekwenda na hakuizungumzia kamwe. Alichotaka sasa ni kimoja tu, kucheza kama walivyocheza wao.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Mlola, aliyekuwa mhudumu wa vinywaji ndani ya klabu ileile. Nilifurahi mno. Nilijua leo ukweli utasemwa na mlango utafungwa. Lakini baba alipomwona tu, kabla hata ya kumpa kiti, alimpeleka kwenye mstari.

"Mghoshi," alimwambia, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana kwa heshima, "wewe ulikuwa ndani. Si walisimama hapa?"

Mzee alitazama mlango, akatazama kabichi, akatazama ukuta uliojaa viraka. Mwisho akamtazama baba, muda mrefu.

"Hapo hapo," alisema.

Baba akarusha. Kishale kilipita mlangoni, kikavuka sebule, kikanasa kwenye ukingo wa ubao. Kilikuwa cha kwanza kuugusa tangu tuutundike. Jikoni mama alipiga mfuniko, ingawa hakuwa akivuka kwenda popote.

Jioni nilimsindikiza mgeni hadi njia panda, nikamuuliza wakubwa wale walisimama wapi hasa.

"Hatua tatu, binti yangu," alisema. "Na bado walikuwa wakikosa."

Nilirudi na hasira, na safari hii haikuwa kwa baba bali kwa wakubwa wale. Baba nilimhurumia. Yeye alikuwa bado uani, akipangusa vishale kwa shati.

"Mzee amesemaje juu yangu?"

"Amesema wao wasingekuweza."

Baba alimaliza kupangusa kishale cha mwisho. Kisha akarudi nyuma hatua moja, katikati ya kabichi za mama, akachora mstari mpya.