Chumo la Kwanza la Ami Tijani

Siku hizi hapa Korba kila mtu ananunua mbegu za pilipili dukani, zimefungwa kwenye kopo kama dawa ya minyoo. Ami Tijani peke yake ndiye aliyebaki na mbegu za marehemu mama yake, na anazihifadhi ndani ya soksi. Tumemcheka kwa soksi hiyo miaka thelathini, mimi nikiwa wa kwanza.

Visima vyetu vilipoingia chumvi, kituo cha utafiti kikamtuma Mhandisi Wissal, binti mwenye buti kubwa na maneno machache. Akatandaza mipira ya kumwagilia kwa matone shambani kwa Ami Tijani: matuta matano ya mbegu za soksi, matano ya mbegu za dukani, na maji nusu ya kawaida. Za soksi zikizaa vizuri kama zile nyingine, kituo kitazizalisha na kuwagawia wakulima. Zikishindwa, basi. Ami Tijani hana mtoto anayelima. Mbegu zitakufa naye.

Zikazaa hadi matawi yakainama. Siku ya kupima, mhandisi akaja na mizani, akakuta matuta ya soksi hayana pilipili nyekundu hata moja.

"Ami, ziko wapi?"

"Nimegawa."

"Umegawa!"

"Chumo la kwanza ni la majirani, binti yangu. Ulitaka wapite hapa wakimeza mate?"

"Na hizi za dukani mbona hukugawa?"

"Hizo? Kwani jirani amenikosea nini?"

Mhandisi akabeba mizani yake mlango kwa mlango. Kwa Mahbouba, mjane wa jirani, nusu zilikuwa zimeshakaangwa na mayai na kuliwa. Mama huyo akaona huruma, akaongeza za bustani yake mwenyewe. "Andika, mwanangu, andika! Mzee wa watu asiaibike." Mimi nikatia ndoo nzima. Jioni ikaonekana matuta matano yamezaa kuliko shamba zima.

Wissal akachana ukurasa. "Tunarudia mwakani, na ni mara ya mwisho. Ukitaka kugawa, Ami, gawa za dukani, nikishazipima."

Zamani chumo la kwanza lilikuwa na kelele zake. Wanawake walikaa vizingitini na sindano, wakitunga pilipili na kusengenya, mtaa mzima ukipiga chafya. Sasa watu wamejenga mageti. Ni Tijani tu anayeyagonga.

Mwaka huu akaniletea kapu la pilipili zinazong'aa, zote saizi moja.

"Tijani, tumegombana lini?"

"Kula, unyamaze," akasema, macho yake yakiwa ukutani. "Za soksi zinapimwa kesho."

Zimepimwa. Zimezidi za dukani kwa kilo tisa. Mhandisi alipima mara mbili, kisha akamkumbatia. Ami Tijani hakuuliza habari za kilo. Aliuliza kama sasa pilipili zile ni zake.

"Zako, Ami. Zote."

"Basi shika upande huu wa kapu," akamwambia. "Tuanze kwa Mahbouba."